Mmea hupewa au hutoa? Neno dogo la Kiingereza linalowanyima watoto wetu alama

Tulifika Makanyagio, mjini Mpanda, baada ya swala ya Isha. Mwenyeji wetu alikwisha kutandika mkeka barazani, na chai ya tangawizi ilikuwa inatungoja. Ni mfanyabiashara wa mpunga. Huununua kwa wakulima wa Mwamkulu na Kakese, kisha huupeleka mashineni kwa gari lake mwenyewe. Tulikuwa tumemfuata kwa habari nyingine kabisa, ya bei ya mchele. Lakini hatukufika mbali katika mazungumzo kabla mkewe hajatoka ndani na karatasi ya mtihani ya mwanawe wa kidato cha pili, akaiweka mbele yetu juu ya mkeka.

"Ninyi ni watu wa magazeti," alisema, "nielezeni jambo hili. Huyu mtoto Baiolojia anaijua. Juzi kanieleza habari ya majani na jua mpaka mimi niliyeishia darasa la saba nikaelewa. Kwa nini hapa kakoseshwa?"

Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Which gas is given off by green plants during photosynthesis?" Kijana alikuwa amejibu kwamba ni hewa ya ukaa. Jibu lililotakiwa ni oksijeni. Akaitwa, akaja, akatuamkia kwa adabu, nasi tukamwuliza kwa Kiswahili: mmea unapojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hutoa hewa gani? Hakusita. "Oksijeni." Na huchukua ipi? "Hewa ya ukaa." Basi mbona umeandika kinyume? Akaweka kidole juu ya neno "given".

"Hapa wamesema mmea unapewa. 'Give' ni kupa, 'given' ni kupewa. Na mmea unapewa hewa ya ukaa."

Tukamwuliza: na hili "off" lililofuata? Na hili "by"? Aliyatazama maneno yale kana kwamba yameandikwa usiku ule ule.

"Hayo niliona ni madogo," alisema.

Jibu lile halikutuacha kwa siku zote tulizokaa Katavi. Kijana hakukosa kwa uvivu, wala hakukosa kwa kutoijua sayansi. Alikosa kwa sababu alifundishwa kwamba maana ya sentensi imo katika kitenzi, na kwamba vijineno vinavyofuata ni mkia tu. Mwalimu mmoja wa Kiingereza tuliyezungumza naye mjini hapo alituambia kuwa wanafunzi wake wanaweza kukariri "give, gave, given" usingizini, lakini ukiwauliza tofauti ya "give up", "give off", "give in" na "give away" wanatazamana. Ya kwanza ni kukata tamaa au kuacha jambo, ya pili ni kutoa hewa au harufu, ya tatu ni kusalimu amri, na ya nne ni kugawa bure, au pengine kufichua siri. Kitenzi ni kilekile kimoja. Kinachoamua ni kile kijineno.

Na jambo hili ni zito kwetu kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta Historia, Jiografia, Kemia na Hisabati vimegeuka Kiingereza kwa pamoja. Anatahiniwa kwa lugha hiyo mambo aliyokwisha kuyaelewa kwa lugha nyingine. Hapo ndipo neno lenye herufi tatu linapoweza kumfanya mjuzi aonekane mjinga, na mzazi asiyejua lugha ile akaamini kwamba mwanawe hana akili. Mama yule wa Makanyagio hakuamini hivyo, ndiyo maana alituletea karatasi. Ni wangapi wameamini?

Walimu huyaita maneno hayo "phrasal verbs". Sisi tutayaita vitenzi vya maneno mawili, ingawa mengine yana matatu. Kiingereza kina maelfu yake, na wenyewe hawaonekani kuchoka kuyaongeza. Si Waafrika peke yao wanaoteswa nayo. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba hapo ndipo mgeni anapopata taabu kubwa zaidi, na kwamba alijitahidi kuyakusanya kwa ajili ya wanaojifunza. Kwa hiyo mtoto wa Mpanda yumo katika msafara mrefu wenye watu wengi.

Chukua kitenzi "put". Kamusi ndogo ya mfukoni itakuambia ni kuweka, na haikudanganyi. Lakini Mwingereza akizima moto husema "put out", akiahirisha arusi husema "put off", akivaa kanzu husema "put on", na akimvumilia jirani mkorofi husema "put up with". Katika hayo manne, kuweka kuko wapi? Mwanafunzi anayetafsiri neno moja moja atamkuta mtu anayeweka moto nje, na mwingine anayeweka juu pamoja na jirani yake.

Historia inaeleza sehemu ya mambo haya. Kiingereza cha kale kilipenda kuambatisha vijineno mbele ya kitenzi, na mabaki yake tunayaona katika "understand" na "withstand". Baadaye vijineno vikahamia nyuma na kujitenga. Mwaka 1066 Wanormani waliitwaa Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na wakubwa, Kilatini kikawa lugha ya vitabu. Kiingereza cha nyumbani kikabaki na vitenzi vyake vifupi: "put", "take", "get", "come", "go". Ndiyo maana hata leo lugha hiyo ina milango miwili kwa maana moja. Ofisini moto huwa "extinguished". Jikoni huwa "put out". Barua ya mkurugenzi itasema "postpone". Mkurugenzi huyo huyo akimpigia mkewe simu atasema "put off". Hali hii si ngeni kwetu. Sisi nasi tuna kuahirisha, neno lililotujia kutoka Kiarabu, na tuna kusogeza mbele, maneno ya nyumbani. Kikao cha halmashauri huahirishwa. Safari ya kwenda kumwona bibi Karema husogezwa mbele.

Tulipofika hapo mwenyeji wetu, aliyekuwa kimya, alicheka. Alisema mambo hayo ni ya wasomi, yeye Kiingereza hakijui hata kidogo. Tukamwuliza gari lake lililoegeshwa pale uani ni la aina gani.

"Pikapu," alijibu.

Kwa nini linaitwa hivyo? Hakuwa amejiuliza. "Pick up" ni kuokota, kuinua kitu kutoka chini, kumpitia mtu njiani na kumchukua. Gari linaloinua magunia na kumpitia abiria wa Kakese limepata jina lake kutokana na kitenzi cha maneno mawili, nasi tumelitia katika Kiswahili kwa namna ambayo hata mshono hauonekani. Mwanawe alikuwa amelitamka neno hilo tangu alipoanza kusema. Alikuwa anaijua "up" bila kujua kwamba anaijua.

Tukaanza kuhesabu pale pale, mama naye akasogea. Chekapu ya zahanati. Brekidauni inayokuja kuvuta lori lililokwama. Bakapu ya simu. Na sendofu ya bibi arusi, ambayo ni "send off", kumsindikiza anayeondoka (gharama za sendofu za siku hizi ni mjadala wa ukurasa mwingine, na tuna mengi ya kusema). Nyumba ile isiyojua Kiingereza ilikuwa na vitenzi vya maneno mawili kila pembe. Kilichokosekana ni mtu wa kuvipasua na kuonyesha kilichomo: "check up", "break down", "back up". Kijana aliandika yote katika daftari, akauliza kama "up" ya pikapu na "up" ya chekapu ni moja. Lilikuwa swali la mwanafunzi mzuri. Ya kwanza bado ina maana ya kupanda juu. Ya pili haipandi popote. Imekaribia zaidi ile "up" inayotia ukamilifu, kama katika "eat up", kula chote, na "use up", kutumia mpaka kiishe.

Ukamilifu huo sisi nasi tunao. Tunatupa, lakini tukitaka kusema kwamba jambo limetupwa lisirudi tena, tunalitupilia mbali. Kitu hupotea, ila tukighadhibika tunasema na kipotelee mbali. Kiswahili hakiweki kijineno nyuma ya kitenzi kama Kiingereza. Hukiingiza tumboni mwake. Na kikiingia, maana inaweza kugeuka juu chini. Chakula kinachonuka na chakula kinachonukia havifai kuwekwa katika sahani moja, ilhali kinachovitenga ni irabu moja. Taa huzima, mtu huzimia. Hapa Kiingereza kina mfano wake wa kutisha: "pass out" ni kuzimia, "pass away" ni kufariki. Mtu akiupokea ujumbe kama huo kwa simu kutoka kwa ndugu aliye ughaibuni, akaruka kijineno, anaweza kuanika matanga ya mtu aliye hai.

Lakini mfano tulioupenda zaidi tuliupata kwa kuutazama mkoa wenyewe. Katavi, uliokuwa sehemu ya Rukwa mpaka ulipotengwa kuwa mkoa mwaka 2012, ni nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo ambayo watu wengine wengi wamehamia. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, ikaleta wafanyakazi. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma wakaja na mifugo yao. Tangu miaka ya 1970 Katumba na Mishamo yamekuwa makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972; na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo mawili na lile la Ulyankulu, Tabora, walipatiwa uraia wa Tanzania. Sasa mwulize mtoto yeyote wa Katumba tofauti ya kukimbia nchi na kukimbilia nchi. Hatahitaji kamusi. Babu yake aliikimbia moja akaikimbilia nyingine, na kati ya "kimbia" na "kimbilia" kuna maisha yote ya ukoo. Hama na hamia ni vivyo hivyo: kwa moja unaacha, kwa nyingine unafika. Mtoto anayelielewa hilo ameelewa nusu ya "run away from" na "run to". Aambiwe tu kwamba Mwingereza kazi hiyo hawapi silabi za ndani, bali huwapa watumishi wanaotembea nyuma.

Nusu nyingine tuliikuta madrasa. Kijana wetu amesoma chuo tangu akiwa na miaka sita, na ustadhi wake amemfundisha herufi za jarri: min, ila, an, ala, fi na wenzake. Tulimwuliza tofauti ya kumfanyia mtu dua kwa "lahu" na kwa "alayhi". Akatabasamu, kwa kuwa ustadhi huwa anawatania kwayo: "daa lahu" amemwombea, "daa alayhi" amemwapiza. Dua ni ileile, herufi imeigeuza. Tukamkumbusha kitenzi "raghiba". Katika Surat al-Baqara, aya ya 130, kimefuatwa na "an", kikaeleza mwenye kujitenga na mila ya Nabii Ibrahim (a.s.). Katika Surat ash-Sharh, aya ya 8, kimeambatana na "ila", kikawa kumwelekea Mola kwa matumaini. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 127, inayozungumzia mabinti mayatima, herufi ya jarri haikutajwa kabisa baada ya kitenzi hicho. Wafasiri wakaeleza maana mbili, kwamba walezi wale wanatamani kuwaoa, au kwamba wanachukia kuwaoa. Anayemtamani yatima kwa mali yake na anayemkataa kwa kutokuwa na uzuri wote wameguswa. Karne na karne wanazuoni wameketi juu ya herufi moja ambayo haipo. Mtoto aliyelelewa katika elimu hiyo hapaswi kamwe kusema kuhusu neno lolote, la lugha yoyote, kwamba ameliruka kwa kuwa ni dogo.

Tulimwambia hivyo, kwa upole. Aliinamisha kichwa, lakini tuliona amelishika.

Sasa mzazi afanye nini? Tunawaonya kwanza na vile vitabu vinavyopanga vitenzi hivi kwa alfabeti, mia kwa mia, kila kimoja na tafsiri yake. Mtoto atakariri hamsini Jumamosi na kubaki na watano Jumatatu. Heri achukue kitenzi kimoja na mahali pamoja. Tulijaribu na kijana wetu kwa stesheni ya Mpanda, ambayo anaijua vizuri, na kwa kitenzi "get". Mtu huamka asubuhi: "get up". Hupanda treni: "get on". Hushuka: "get off". Hurudi nyumbani: "get back". Aliyeugua njiani akapona: "get over". Aliyepiga simu Tabora ikapatikana: "get through". Anayejikimu kwa kidogo: "get by". Kiswahili kimetumia vitenzi saba, Kiingereza kimetumia kimoja na watumishi saba. Baada ya kuisimulia safari hiyo mara mbili hakukosea hata moja, kwa sababu alikuwa akiiona treni, haoni orodha.

Jambo la pili ni mahali pa kitu kinachotendwa. "Turn off the light" ni sawa, na "turn the light off" ni sawa. Lakini taa ikishatajwa, ukabaki kusema "izime", ni "turn it off" tu. "Turn off it" hakuna. Kile "it" kinaingia katikati. Watoto hulalamika kwamba hii ni kanuni ya ajabu, ilhali wao wenyewe husema "nimeizima", wakakiweka kile "i" ndani kabisa ya kitenzi. Hata hivyo si vitenzi vyote vinavyokubali kupasuliwa. "Look after", kutunza, husema "look after her", wala hakifunguki. Hivi hujifunzwa kimoja kimoja, kama tulivyojifunza majina ya shangazi zetu.

Jambo la tatu ni lugha ya mtihani yenyewe. Kuna vitenzi vinavyojirudia mwaka hadi mwaka katika maswali, na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza angepaswa kuvijua kabla ya mvua za masika. "Carry out" ni kutekeleza, kufanya jaribio. Yule mwalimu alituapia kwamba amewahi kumwona mwanafunzi akiinua kinasio na kuelekea mlangoni. "Account for" katika Historia ni kutoa sababu, wala haihusu benki. "Work out" ni kukokotoa. "Bring about" ni kusababisha. "Make up" ni kuunda, na pia kubuni uongo. Na kuna makosa ya upande wa pili, ya kuongeza kijineno pasipohitajika: wengi wetu, waandishi tukiwemo, husema "discuss about" kwa kuwa Kiswahili chetu kinajadili kuhusu jambo, na husema "cope up with" ambapo Mwingereza ametosheka na "cope with".

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusimamia yote hayo. Hahitaji kusahihisha. Amwambie mtoto asome sentensi, kisha amwulize neno moja: kilichofuata kitenzi ni nini? Mtoto akisema hakuna kitu, arudie.

Mama wa Makanyagio alianza usiku ule ule. Alichukua penseli na daftari la mwanawe, akamtaka amtajie herufi moja moja, akaandika juu ya ukurasa: "give off, kutoa". Chini yake kijana akamtajia "give up". Akauliza maana yake, akaambiwa ni kukata tamaa. Akaitazama kidogo, akaifuta kwa kifutio.

"Hiyo tutaiandika kesho," alisema. "Nitajie nyingine."